P25 au unga wa kujitengenezea? Tathmini kwa wanaosafisha maji kwa mwanga

Kati ya vichocheo vyote vya kusafishia maji kwa mwanga vilivyopo kwenye rafu za maabara ninayoisimamia, hakuna kinachoisha haraka kama kopo la P25, unga mweupe wa dioksidi ya titani. Wanafunzi wanaokuja kufanya utafiti wa maji hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike kupika oksidi zetu wenyewe ilhali unga upo tayari, na wapo wanaouliza kwa nini tununue kitu ambacho mtu anaweza kukitengeneza kwa bika, kikorogeo cha sumaku na tanuri. Nimeutumia unga huu kwa miaka mingi, na nimetengeneza wa kwangu kwa njia kadhaa, kwa hiyo naona nina la kuwaambia wote wawili.

Niseme hukumu yangu mapema. P25 ni unga bora wa kulinganishia na unga bora wa kuanzia kazi. Ila ukiishia hapo, ukautia majini na kuridhika kwamba rangi ya majaribio imepotea, bado hujasafisha maji.

Kwanza bidhaa yenyewe. P25 ni dioksidi ya titani inayotengenezwa na kampuni ya Evonik ya Ujerumani, ambayo zamani iliitwa Degussa. Watafiti wengi wa rika langu bado wanautaja kwa jina hilo la zamani. Haupikwi majini kama tunavyofanya sisi maabara. Tetrakloridi ya titani hugeuzwa mvuke, hupulizwa ndani ya mwali wa haidrojeni na oksijeni, na humo motoni hutokea chembe za oksidi pamoja na gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo huondolewa baadaye. Chembe moja moja zina kipenyo cha wastani wa nanomita 21 hivi, na gramu moja ya unga ina eneo la uso la takriban mita 50 za mraba. Karibu asilimia 80 ni fuwele za aina ya anatasi. Zinazobaki ni rutili, aina nyingine ya fuwele ya oksidi hiyo hiyo, na kiasi kidogo cha oksidi isiyokuwa na mpangilio wa fuwele.

Asili hiyo ya motoni unaiona mara tu unapofungua kopo. Unga ni mwepesi ajabu. Lita nzima ya unga uliogongwagongwa ukatulia ina uzito wa gramu 130 hivi tu, na ukiuchota kwa haraka unapanda hewani kama moshi. Hunata kwenye kijiko cha plastiki na kwenye kisahani cha plastiki cha mizani kwa sababu ya chaji za umeme tuli, hata ukadhani umemimina miligramu 50 kumbe nyingine zimebaki ukutani. Mimi napimia kwenye kioo, kisha naosha kisahani chenyewe kwa maji yale yale ya jaribio. Barakoa ni lazima. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka dioksidi ya titani katika kundi 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu, na hoja ilikuwa juu ya vumbi linalovutwa puani. Simruhusu mtu yeyote aufungue mbele ya feni.

Ukiutia kwenye maji safi na kupima pH utakuta maji yamekuwa na asidi kidogo. Ni mabaki ya kloridi ya haidrojeni kutoka kwenye ule mwali. Si kasoro, lakini mtu anayechunguza athari ya pH na hajalijua hilo atapata namba zitakazomchanganya, hasa akitumia maji yasiyokuwa na chumvi ya kuzuia pH isiyumbe. Tawanya unga kwa ultrasoniki, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika, dakika chache, pima pH, ndipo uanze.

Sasa utendaji. Kazi ya unga huu ni kupokea fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nguvu ya kutosha, kuirusha elektroni juu ya pengo la nishati la elektroni-volti (eV) 3.2 katika anatasi, na kuacha tundu lenye chaji chanya. Tundu hilo huvuta elektroni kutoka kwenye maji au haidroksidi iliyonata juu ya chembe, ikatokea radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye uchu wa elektroni, ambacho hushambulia karibu kila molekuli ya kaboni kinayoikuta jirani. Elektroni nayo inachukuliwa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Ndiyo maana bika lililofunikwa na kumulikwa bila kupulizwa hewa hupunguza kasi: oksijeni ikiisha, elektroni hurudi kwenye tundu na fotoni imepotea bure. Akira Fujishima na Kenichi Honda waliandika mwaka 1972 jinsi elektrodi ya dioksidi ya titani inavyopasua maji kwa mwanga, na mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard walionyesha kwamba unga wake unaweza kuvunja sianidi majini. Huku kwetu kwenye maji kazi ilianzia hapo.

Katika bika, P25 haiangushi mtu. Changanya gramu moja kwa lita na miligramu 10 kwa lita za buluu ya methilini, rangi ya majaribio, mulika kwa taa za LED za urujuanimno wa nanomita 365, na rangi itaanza kufifia mbele ya macho yako kabla hujamaliza kuandaa sampuli ya pili. Nimelirudia jaribio hilo na makopo ya miaka tofauti, na kila mara mstari wa kupungua kwa rangi unakuja pale pale nilipoutarajia. Kwa mtu wa maabara, uthabiti wa namna hiyo ndio thamani yenyewe. Nikikuta jaribio la P25 limekwenda polepole siku fulani, situpi lawama kwa unga. Nakagua taa, nakagua joto, nakagua kama kioo cha bika kimepata utando mweupe, na karibu kila mara naiona sababu humo.

Lakini uthabiti huo una mipaka ambayo mwenye kupima kwa makini anapaswa kuijua. Bunsho Ohtani na wenzake wa Japani waliuchunguza unga huu kwa undani na kuchapisha matokeo mwaka 2010: sampuli waliyoipima ilikuwa na anatasi asilimia 78, rutili 14 na sehemu isiyo na fuwele 8, na uwiano huo haukuwa sawa kila mahali ndani ya kifungashio kimoja. Kwa hiyo mimi huchanganya kopo lote vizuri likiwa limefungwa kabla ya kuchota, na nikianza mfululizo wa majaribio nachota wa kutosha mfululizo wote. Watafiti hao pia hawakuona dalili nzuri ya ule msemo unaorudiwa kila mahali, kwamba anatasi na rutili zikikaa pamoja husaidiana na ndiyo siri ya P25. Wengine wamepima kwa njia zao na kuona elektroni zikihama kati ya aina hizo mbili za fuwele. Hoja hiyo bado ina moto, na mwanafunzi asiiandike kana kwamba imekwisha.

Kabla sijaendelea, kuna jambo kuhusu upimaji wenyewe, kwa sababu tathmini ya unga wowote haina maana kama kipimo ni kibovu. Buluu ya methilini inapendwa kwa kuwa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaonyonywa na rangi, huisoma kirahisi kwenye nanomita 664, na hata kiwango cha ISO 10678 cha kupimia nyuso zenye kichocheo cha mwanga kimejengwa juu yake. Ila rangi hiyo hufifia yenyewe kidogo chini ya taa bila unga wowote. Pia hunata kwenye chembe hata gizani. Tena inaweza kupokea elektroni ikageuka kuwa umbo lisilo na rangi, halafu ikipata hewa rangi inarudi. Mtu asiyeweka bika la taa bila unga, na bika la unga bila taa, hana haki ya kusema unga wake umefanya kazi. Nusu saa gizani kwanza, unga ukikorogwa na rangi, ndipo taa iwashwe. Ukichota sampuli, iondolee chembe zote kabla ya kuisoma, maana chembe zikitawanya mwanga mashine itadhani rangi bado ipo. Napendelea sentrifuji, mashine inayozizamisha chembe kwa kuzungusha, kuliko utando wa kuchujia, kwa sababu tando nyingi huinyonya buluu ya methilini na kukupa sifa usiyoistahili.

Baada ya rangi, pima kitu kisicho na rangi. Fenoli inafaa sana. Na kama kuna mashine ya kupima jumla ya kaboni hai majini, itumie, kwa kuwa molekuli ya rangi ikikatwa katikati macho hayaoni kitu tena lakini vipande vyake bado vinaelea. Nimeona majaribio mazuri ambamo maji hayakuwa na rangi kabisa huku sehemu kubwa ya kaboni ikiwa bado imo.

Hayo ndiyo ya kununua. Upande wa kutengeneza, njia ninayoipenda ni ya soli na jeli, yaani kimiminika chenye chembe ndogo sana zinazoelea ambacho baadaye huganda, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu humo ndimo mtu anajifunza oksidi ni nini hasa.

Malighafi ni isopropoksidi ya titani, kimiminika angavu ambacho hakivumilii unyevu. Ukiifungua chupa siku ya mvuke mwingi hewani utaona moshi mwembamba mdomoni mwake, na ukichelewa kuifunga, ukoko mweupe huganda kwenye nyuzi za kifuniko hadi kifuniko chenyewe kinakuwa kigumu kufungua. Huo ukoko tayari ni oksidi iliyojaa maji. Yaani mmenyuko unaoutaka unatokea wenyewe. Kazi yako yote ni kuuchelewesha. Nachanganya isopropoksidi na isopropanoli kavu, kisha naongeza asidi ya asetiki, ambayo hushikamana na titani na kuifanya isikimbilie maji. Halafu naanza kudondosha maji yaliyochanganywa na isopropanoli, tone moja moja, kikorogeo kikizunguka kwa kasi.

Hapo usiondoe macho. Tone likianguka panatokea kiwingu kidogo cheupe ambacho kinapaswa kuyeyuka na kupotea kabla ya tone linalofuata. Kiwingu kikikawia kupotea, subiri. Ukiharakisha, kiwingu kinageuka kuwa mabonge, na mabonge hayayeyuki tena hata ukoroge usiku kucha. Ukivumilia, unapata kimiminika angavu chenye dalili ya ubuluu ukikitazama kwa pembeni mbele ya kitu cheusi, na ubuluu huo ndio ishara kwamba chembe zimezaliwa na ni ndogo sana. Kiache kitulie. Baadaye kinashikamana, ukiinamisha bika hakimwagiki.

Jeli hiyo naikausha kwenye nyuzi joto kati ya 80 na 100. Inasinyaa mno na kupasuka vipande vya manjano hafifu vinavyong'aa mithili ya kioo. Navisaga kwa kinu na mchi wa maabara, naviweka kwenye kikombe cha kauri, na tanuri linapanda polepole hadi nyuzi 450. Wanaochungulia njiani hushtuka: kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi unga unakuwa wa kahawia au kijivu, maana mabaki ya asidi na alkoholi yanaungua na kuacha kaboni. Ni hatua ya kawaida. Kadiri joto linavyozidi na hewa ikiingia vizuri, weupe unarudi. Ukitoka na ukijivu, tanuri halikupata hewa ya kutosha au safu ya unga ilikuwa nene.

Mapato yake? Mililita 10 za isopropoksidi zikigeuka zote hutoa gramu 2.7 za oksidi, basi. Kwa anayetaka kujaza tangi la majaribio, hilo peke yake linamaliza mjadala kwa upande wa P25. Lakini kwa anayetaka kujua, gramu hizo mbili ni hazina. Ukiupiga eksirei unga wa nyuzi 450 utaona kwenye grafu kilele cha anatasi kwenye digrii 25.3, kipana, maana fuwele ni ndogo. Uchome hadi nyuzi 700 na uupime tena: kilele kimekuwa chembamba na cha rutili kimeota kwenye 27.4, eneo la uso limeporomoka, na kwenye bika la rangi kasi nayo imeshuka. Uchome kwa nyuzi 300 tu, eneo la uso ni kubwa lakini fuwele hazijakamilika, na elektroni na matundu hukutana ndani ya chembe kabla ya kufika juu. Mwanafunzi akiviona vikombe hivyo vitatu kando kwa kando anaelewa kwa mikono yake kwamba ukubwa wa uso na ubora wa fuwele vinavutana, na kwamba mtengenezaji anatafuta katikati. Kopo la P25 haliwezi kumfundisha hivyo, kwa kuwa mtu mwingine ameshaitafuta hiyo katikati.

Je, unga wangu wa nyuzi 450 unaushinda P25? Kwa fenoli, hapana. Kwa buluu ya methilini mstari wake huanza chini zaidi kwa sababu unanyonya rangi nyingi zaidi gizani, na hapo ndipo watu wengi hujipongeza. Ukiondoa kile kilichonyonywa na kutazama kasi baada ya taa kuwashwa, P25 inaongoza. Sababu moja ni kwamba tanuri huziunganisha chembe zangu kuwa mabonge magumu ambayo ultrasoniki haiyavunji, ilhali chembe za motoni zimeungana kwa mafundo yaliyo wazi ambamo maji yanapita.

Oksidi nyingine nitazipitia kwa kifupi. Oksidi ya zinki ni rahisi mno kuitengeneza: asetati ya zinki, haidroksidi ya sodiamu, joto la wastani, na una mashapo meupe siku hiyo hiyo. Chini ya taa inafanya kazi vizuri, wakati mwingine kuizidi dioksidi ya titani, ambayo kwa kifupi tunaiita titani. Tatizo ni kwamba huliwa na mwanga ule ule unaoiendesha na huyeyuka kwenye maji yenye asidi, kwa hiyo unaondoa uchafu mmoja huku unaingiza zinki. Siipendekezi kwa maji yatakayonywewa. Oksidi nyekundu ya chuma, ile ya kutu, ina pengo la eV 2.2 hivi na hupokea mwanga unaoonekana, jambo linalowavutia wengi. Lakini matundu yake husafiri nanomita chache tu kabla ya kufa, kwa hiyo peke yake ni dhaifu. Ikipewa peroksidi ya haidrojeni hali hubadilika, ila huo ni mmenyuko mwingine.

Nina neno pia juu ya unga wa duka jingine, ambalo silitaji. Tuliuziwa kopo lililoandikwa anatasi ya nano, usafi wa hali ya juu. Kwenye maji ulizama haraka kuliko inavyostahili. Chini ya taa rangi haikushtuka. Tulipoupeleka kwenye darubini ya elektroni tulikuta chembe za nanomita mia mbili na zaidi, mviringo, nadhifu, na uchunguzi wa elementi ulionyesha alumini na silikoni. Kwa maneno mengine ulikuwa unga wa rangi za kupaka ukutani. Viwanda vya rangi huzifunika chembe zao kwa alumina na silika kwa makusudi, ili titani isile gundi ya rangi jua likiwaka. Ni bidhaa nzuri kwa kazi yake, lakini ni kinyume kabisa cha kichocheo, na aliyeiuza kwa jina lile alitupotezea muda na malighafi za watu. Anayepokea kopo jipya kutoka kwa muuzaji asiyemjua alipime kwanza kando ya P25, rangi ile ile, taa ile ile. Kipimo hicho hakimalizi hata asubuhi moja.

Nirudi kwenye P25 na lawama yangu kubwa. Si juu ya kasi yake, ni juu ya kuutoa majini. Chembe zinazofanya kazi vizuri kwa kuwa ndogo zinakataa kuzama kwa sababu hiyo hiyo. Ukiisogeza pH karibu na 6.5, pale chaji juu ya chembe zinapokaribia sifuri, zinashikana na kuanza kutulia. Ukiliacha bika hadi kesho yake maji ya juu yanaonekana angavu. Chukua tochi yenye mwali mwembamba, zima taa za chumba, umulike ubavuni. Mstari mweupe utapita katikati ya bika kutoka upande hadi upande. Hizo ni chembe ambazo bado zinaelea. Kila mwanafunzi wangu hulifanya jaribio hili la tochi kabla ya kuniambia kwamba maji yake yamekuwa safi, na wengi huona mstari.

Kwa hiyo simshauri mtu yeyote atie unga huu kwenye maji ya kunywa akitarajia utazama. Panahitajika utando wa kuchujia wenye matundu madogo kweli kweli, na utando huo unaziba. Kuna pia suala la kina: kwa gramu moja kwa lita, maji ni meupe kama tui, na mwanga haufiki mbali kutoka kwenye ukuta wa chombo. Kituo cha Plataforma Solar de Almería kule Hispania, kilichofanya kazi kubwa ya kusafisha maji kwa jua na titani, hutumia mabomba membamba ya kioo yenye vioo vilivyopindwa nyuma yake ili jua lifike pande zote, na unga kidogo kuliko tunaoutumia kwenye mabika. Tukumbuke vilevile kwamba katika mwanga wa jua unaofika ardhini urujuanimno ni kama asilimia 4 au 5 tu, na P25 inakula humo tu.

Maji halisi yana ukali wake pia. Bikaboneti huzinyang'anya radikali za haidroksili, fosfeti hukaa juu ya chembe na kuziba nafasi, na rangi ya majani yaliyooza hunywa mwanga kabla haujafika. Mstari mzuri uliouchora kwa maji yaliyochujwa maabara utalala ukitumia maji ya mto. Si kosa la unga, na mwenye kununua alijue mapema.

Njia iliyonipa matumaini zaidi ni ile inayozichanganya kazi zote mbili. Natengeneza soli yangu kama nilivyoeleza, lakini kabla haijaganda naikoroga na P25, ultrasoniki ikisaidia, hadi inakuwa uji mwembamba usio na mabonge. Naupaka kwenye vipande vya kioo vilivyokwaruzwa na kuoshwa vizuri, navikausha, navichoma kwa nyuzi 450 hadi 500, na kurudia safu nyingine. Soli hugeuka anatasi kati ya chembe za P25 na kuzifunga kwenye kioo. Kioo nilichopaka P25 peke yake, ukikipitishia kidole kidole kinatoka cheupe, na maji yakipita juu yake siku kadhaa tabaka linaisha. Kioo chenye soli hakiachi alama kwenye kidole, na ukibandika utepe wa gundi na kuuvuta unatoka na unga kidogo sana. Ukiweka soli nyingi mno tabaka linapasuka katika tanuri na kubanduka magamba. Ukiweka kidogo mno haishiki. Uwiano huo unautafuta mwenyewe kwa kioo chako na tanuri lako.

Kasi ya kioo ni ndogo kuliko ya unga ulioelea, na sioni sababu ya kuificha. Uso uliopo ni mdogo, na uchafu lazima usafiri hadi kwenye kioo. Lakini maji yanayotoka hayana mstari wa tochi. Kioo kinaoshwa, kinamulikwa kikiwa ndani ya maji safi ili kile kilichonata kiungue, na kinarudi kazini. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mstari mkali kwenye grafu.

Kuhusu vijidudu: mwaka 1985 Matsunaga na wenzake walionyesha kwamba titani iliyotiwa platini inaua bakteria chini ya mwanga, na kazi nyingi zimefuata. Ni kweli inaua. Ila haiachi kinga yoyote nyuma yake kama klorini inavyoacha, kwa hiyo maji yakiingia kwenye chombo kichafu baada ya kutoka kwenye taa yamerudi yalikotoka. Anayekuuzia mtungi wenye tabaka la titani na kukuambia utupe klorini, mwombe vipimo vya maji yaliyokaa siku nzima baada ya kusafishwa.

Kwa hiyo anunue nani? Anayeanza utafiti wa maji kwa mwanga anunue P25 kabla ya kitu kingine chochote, hata kama nia yake ni kutengeneza oksidi mpya kabisa, kwa kuwa bila huo hana cha kujilinganisha nacho. Anayetaka eneo kubwa zaidi la uso atazame P90 ya kampuni hiyo hiyo, yenye takriban mita 90 za mraba kwa gramu, ingawa kwa fenoli mimi sijaona sababu ya kuhama. Anayefundisha aagize isopropoksidi chupa ndogo ndogo, si kubwa, kwa kuwa chupa iliyofunguliwa haikai. Na anayetaka kifaa cha maji kitakachofanya kazi mwaka mzima anunue vyote viwili, na muda wake mwingi aupeleke kwenye vipande vya kioo, kuvikwaruza, kuviosha na kuvipaka safu nyembamba nyembamba.

Kopo la P25 lifungwe vizuri na likae mahali pakavu. Unga unanyonya unyevu na mvuke wa kemikali za jirani, na rafu ya amonia au ya asidi si mahali pake.